Chombo kikichelewa kurudi: mwongozo kamili wa kuunda kikosi cha uokoaji baharini hapa Lamu

Boti ikipinduka kati ya Manda na Pate, wa kwanza kufika ni mvuvi aliyekuwa anavuta jarife lake hapo karibu, ama spidi boti inayopita na abiria wake. Hapa simlaumu mtu, ni umbali tu, visiwa vyetu vimetawanyika na bahari inakwenda kutoka Kipungani mpaka Kiunga kule mpakani na Somalia, na kituo kinachosimamia uokoaji wa eneo lote kiko Mombasa. Shida ni kwamba yule mvuvi hajui ampigie nani, yule wa Mombasa hajui kama kuna mvuvi pale, na mama wa watu nyumbani roho yake imekuwa juu tangu magharibi lakini anangoja mpaka alfajiri ndo aseme mwanawe hajarudi. Masaa yote hayo yamepotea. Kwa hivyo ndugu zangu, mwongozo huu ni wa kuwaunganisha hawa watatu, yaani mvuvi, serikali na aliye nyumbani, na unaweza kuanzishwa kwenye jeti yoyote, iwe Mokowe, Mtangawanda, Kizingitini ama Shela, bila kungoja mradi wa mtu.

Kwanza jueni nani anafanya nini

Mamlaka ya bahari ya Kenya, KMA, ilianzishwa 2004 na ndo inakagua vyombo vidogo na kutoa leseni. Hao hao ndo wanaendesha kituo cha kuratibu uokoaji Mombasa kilichofunguliwa 2006. Kituo hicho hakishiki bahari ya Kenya peke yake, kinashika pia Somalia, Tanzania na Shelisheli, kwa sababu mwaka 2000 nchi za Afrika zilikutana Florence kule Italia chini ya IMO, shirika la bahari la Umoja wa Mataifa, wakapanga bahari ya Afrika iwe na vituo vikuu vitano na Mombasa ikawa kimoja. Kazi yake kubwa ni kupanga: kinapokea taarifa, kinatafuta nani ana chombo karibu, kinaita meli zinazopita na kuzungumza na nchi jirani. Hili la nchi jirani kwetu ni muhimu sana na nitaeleza mbele kidogo kwa nini.

Halafu kuna walinzi wa pwani, KCGS, waliowekwa kwa sheria ya 2018, na uokoaji ni moja ya kazi zao kisheria. Kuna jeshi la wanamaji wenye kambi yao Manda, polisi kwa namba 999 ama 112, na Msalaba Mwekundu kwa 1199. Tangu 2021 kuna bandari mpya kule Kililana inayopokea meli kubwa, na meli kubwa ina macho ya juu, ina rada, na nahodha wake analazimika kisheria kumsaidia mtu aliye hatarini baharini. Na kuna BMU zetu wenyewe, yaani vikundi vya wavuvi vya kusimamia fuo, ambazo zina kanuni zake tangu 2007, zina ofisi, zina wanachama, zina orodha ya vyombo. Mimi naona kikosi cha uokoaji kikae chini ya BMU, ukianzisha chama kipya kando mtaishia kugombania viti.

Hatua ya 1: simu moja, daftari moja

Chagueni mtu wa bara, simaanishi bara ya Nairobi, namaanisha mtu asiyekwenda baharini siku hiyo, awe ndo mpokea habari. Simu iwe moja, namba haibadiliki hata mtu akibadilika, na ibandikwe jetini, msikitini, kwenye duka la mafuta na kwenye ubao wa kila boti. Wawe watu wawili ama watatu wa kupokezana. Msichague mkubwa wa kijiji kwa heshima tu, chagueni anayeshika simu usiku na anayeandika vizuri, na saa nyingi huyo ni mama mwenye duka jetini manake yeye anaona kila chombo kinachotoka na kinachoingia.

Daftari liwe na mambo haya kwa kila chombo kinachotoka: jina la chombo na rangi yake, nahodha na namba yake, watu wangapi, anakwenda wapi na kwa njia gani (kwa Mkanda, ule mlango mwembamba kati ya Manda na bara, ama kwa nje), ametoka saa ngapi, atarudi saa ngapi, mafuta lita ngapi. Idadi ya watu ndo inayosahaulika halafu ndo inayotesa, kwa sababu chombo kikipinduka na hujui walikuwa wanane ama kumi na moja, hujui wakati wa kuacha kutafuta. Watoto wachanga wahesabiwe pia, wengi hawawaandiki.

Hatua ya 2: wekeni muda wa kuchelewa

Hii ndo roho ya mambo yote. Kaeni na manahodha mkubaliane kabisa kwamba chombo kikipitisha muda fulani bila habari, mpokea habari anaanza kupiga simu bila kuomba ruhusa ya mtu. Boti ya abiria, saa moja inatosha. Mvuvi wa kutwa, isha isimpite. Walioko dago, yaani kambi ya wavuvi mbali na nyumbani, wapige simu ama watume salamu kila jioni na wakikosa jioni moja mtu aulizie dago la jirani usiku huo huo. Watu wanaona haya kupiga simu mapema, wanasema tutaonekana tuna wasiwasi wa bure, labda injini imekufa tu wanapiga kafi. Pigeni hivyo hivyo. Chombo kikirudi salama unapiga tena unasema alhamdulillahi wamefika, hakuna atakayekukasirikia.

Sababu ni hesabu. Tuchukue mkondo unaokwenda maili 2 za bahari kwa saa, jambo la kawaida kabisa nje ya visiwa. Baada ya saa 3 chombo kisicho na injini kimesogea maili 6, karibu kilomita 11. Na eneo la kutafuta halikui kwa mstari tu, masafa yakiongezeka mara mbili eneo linakuwa mara nne, kwa hivyo aliyengoja kutoka magharibi mpaka alfajiri amewapa waokoaji bahari ambayo boti zote za Lamu haziwezi kuimaliza. Na wakati wa kusi, upepo wa kusini, mkondo wa pwani unasukuma kwenda kaskazini, yaani chombo kilichokufa injini nje ya Kizingitini kinaelekea Kiunga na kikiachwa kinaingia maji ya Somalia, na hapo ndo ile kazi ya Mombasa ya kuzungumza na nchi jirani inapoingia. Kaskazi, upepo wa kaskazini, ikivuma hali inageuka, kuna mkondo unaoshuka kutoka Somalia unakutana na huu wetu sehemu za huku huku, kwa hivyo waulizeni wazee wavuvi wa siku hiyo maji yanakwenda wapi, msikisie kwa kalenda.

Ndani ya mikono ya bahari ni jambo jingine. Kati ya Lamu na Manda ama pale Mkanda kinachoamua ni kujaa na kupwa, kama saa 6 hivi kila kimoja, na bamvua, yaani siku za mwezi mpya na mwezi mpevu, maji yanakimbia zaidi kuliko siku za maji mafu. Mtu akianguka maji yakianza kupwa anapelekwa nje, kwa hivyo kila taarifa iandikwe maji yalikuwa yanafanya nini saa ile.

Hatua ya 3: jifunzeni kutoa taarifa inayoeleweka mbali

Ukimwambia mtu wa Kizingitini "pale mbele ya mwamba anapovua fulani" ameelewa. Aliyeko Mombasa haelewi. Simu ya kawaida yenye GPS inaonyesha mahali ulipo hata bila mtandao, fungueni programu ya dira ama ramani mkiwa bado jetini na mjifunze kusoma namba zile. Maji yote ya karibu na visiwa vyetu yako kusini ya ikweta, kwa hivyo namba ya kwanza itaanza na 1 ama 2 kusini, na ya pili 40 ama 41 mashariki, ukiona kitu tofauti umesoma vibaya. Simu nyingi zinatoa desimali, mfano 2.27, na watu wa redioni wanatumia digrii na dakika, basi chukua ile .27 uzidishe kwa 60 upate 16.2, useme digrii 2 dakika 16.2 kusini. Mpokea habari afanye mazoezi ya hesabu hii mpaka aizoee.

Saa pia inaleta mkanganyiko hatari. Sisi tunasema saa kumi jioni, mwenye redio ataandika 10, na meli ya kigeni inatumia saa ya dunia ambayo iko nyuma yetu kwa masaa 3. Sema zote: "saa kumi alasiri, yaani 16:00 saa ya Kenya". Basi.

Taarifa yenyewe iende kwa mpangilio huu, na uandikwe kwenye kadi ibandikwe karibu na simu: mimi ni nani na namba yangu, chombo gani na rangi gani, kiko wapi ama kilionekana mwisho wapi na saa ngapi, kimepatwa na nini, watu wangapi na kama wana laifu jaketi, upepo na maji vipi, nani ameshatoka kwenda kusaidia. Hilo la mwisho msilisahau, ndo linalowafanya walinzi wa pwani wajue kwamba boti watakazokuta pale ni za waokoaji.

Wenye redio ya VHF, chaneli ya hatari ni 16 duniani kote. Ukiwa kwenye hatari ya kupoteza maisha sema MAYDAY mara tatu, hapa ni chombo fulani mara tatu, halafu mahali, shida, watu wangapi, unataka msaada gani. Sema taratibu. Kiswahili kinatosha kwa boti za hapa, lakini kama kuna meli kubwa karibu nahodha ajue maneno machache ya Kiingereza ya kutaja mahali na idadi ya watu. Redio ya mkononi haifiki mbali ukiwa umekaa chini kwenye boti, inuka, ishike juu, jaribu tena. Na chaneli 16 si ya kuulizana bei ya samaki, tafadhalini sana.

Hatua ya 4: nendeni mkajuane na wakubwa kabla ya siku ya shida

Watu wa BMU, pamoja na mpokea habari na manahodha wawili watatu, waende ofisi ya KMA, walinzi wa pwani, polisi, Msalaba Mwekundu na idara ya afya ya kaunti. Si kwenda kuomba boti. Mnakwenda kuuliza mambo manne: namba gani inashikwa usiku, nani anaamua, nyinyi mnataka taarifa vipi, na sisi tukitoka usiku tunawaarifuje. Andikeni ukurasa mmoja wa mapatano, kila ofisi ibaki na nakala, na mara moja kwa mwezi pigeni simu ya majaribio kwa kila namba. Namba zinabadilika, maofisa wanahamishwa, na mapatano yaliyokaa kabatini hayamuokoi mtu.

Hili la kutoka usiku nalisisitiza. Bahari yetu ina doria za usalama kwa sababu zinazojulikana, na boti isiyo na taa inayozunguka usiku karibu na Kiwayu ama Kiunga inaweza kudhaniwa ni kitu kingine. Msitoke gizani kutafuta mpaka mpokea habari awe amewaarifu na ametaja jina la kila boti, na kila boti iwashe taa. Najua inauma kungoja dakika kumi wakati ndugu yako yuko majini, lakini tusiongeze msiba juu ya msiba.

Hatua ya 5: vifaa, na visiwe vya ghali

Mkiwa na fedha kidogo, nunueni kwa utaratibu huu: laifu jaketi za waokoaji, kamba inayoelea ya mita 20 na zaidi, tochi kali mbili, filimbi, blanketi, redio ya VHF, halafu fataki za ishara. Mtungi wa lita 20 uliofungwa kamba ni boya zuri sana la kumrushia mtu, acheni maji kidogo ndani ndo urushike vizuri na upepo usiuchukue. Kila nahodha wa injini awe na ile kamba ya kuzima injini mkononi, akianguka injini inazima, isimzunguke na panga lake, yaani ile feni ya injini majini. Simu zikae kwenye mfuko usioingia maji, ziwe zimechajiwa, pawabenki iwepo.

Mafuta ndo vita. Wekeni mfuko wa mafuta, kila boti ichange kidogo kila wiki, na mtungi mmoja ukae umejaa na umefungwa kwa mpokea habari, haugusiwi hata kwa arusi. Kubalianeni pia mapema kwamba kuokoa mtu hakulipiwi na yeyote, na kuvuta chombo ama kutoa injini iliyozama ni mapatano mengine yatakayofanywa watu wote wakishafika nchi kavu.

Hatua ya 6: mkifika mahali pa tukio

Lazima awe mmoja anayeamuru. Boti ya kwanza kufika ndo inasimamia mpaka walinzi wa pwani ama mtu mwenye uzoefu zaidi afike, na kukabidhiana kusemwe kwa sauti ili kila boti isikie. Bila hivyo kila mtu anakimbilia upande anaoona yeye, sehemu moja inatafutwa mara tano na nyingine haijaguswa.

Kama mnajua alipoangukia hasa, anzieni pale mzunguke kwa mraba unaopanuka kidogo kidogo, mkianza kwa upande mkondo unaoelekea. Kama hamjui, panga boti mstari mmoja, kila moja iwe inaweza kuiona jirani yake vizuri, mwende sambamba mpaka mwisho wa eneo mgeuke pamoja. Kichwa cha mtu majini ni kidogo kama nazi, na mawimbi ya kusi yanakificha, kwa hivyo nafasi kati ya boti iwe ndogo kuliko mnavyodhani. Kila baada ya muda wote mzime injini pamoja, mnyamaze, msikilize, mpige filimbi, msikilize tena. Watu wameshawahi kupatikana kwa sauti pale ambapo jicho halikuona kitu. Chombo kilichopinduka kinasukumwa na upepo pia, mtu aliye ndani ya maji anakwenda zaidi na mkondo, kwa hivyo mkikuta boti bila watu msidhani watu wako papo hapo.

Kumkaribia mtu: boti ielekeze uso kwenye upepo, mtu awe ubavu anaouona nahodha, injini itolewe gia ama izimwe kabla hajafika karibu na panga. Mrushie kitu kwanza. Anayezama anamkamata mwenzake akamzamisha, hata awe mtoto wake, kwa hivyo kuruka majini ni njia ya mwisho na anayeruka awe amevaa laifu jaketi na kufungwa kamba. Watu wakiwa wengi msiwaache wote washike ubavu mmoja. Na jueni kwamba anayezama mara nyingi hapigi kelele, kichwa kimelala nyuma, mdomo unazama na kutoka, yuko kimya, kwa hivyo yule anayepiga kelele anaweza kungoja kidogo, mkimbilie aliyenyamaza.

Hatua ya 7: akishatolewa

Msimning'inize kichwa chini, msimkamue tumbo kutoa maji, hayo yanapoteza muda na yanamfanya atapike aingize matapishi kwenye mapafu. Mlaze chali, angalia kama anapumua, usizidishe sekunde 10. Hapumui, ziba pua yake mpulizie pumzi 5, kwa sababu aliyezama amekosa hewa kwanza. Kisha bonyeza katikati ya kifua mara 30, pumzi 2, mara 30, pumzi 2, kwa mwendo wa mara 100 hadi 120 kwa dakika, kifua cha mtu mzima kishuke sentimita 5 hadi 6. Akitapika mgeuze upande, safisha, endelea. Mpokezane mkichoka, boti inakwenda huku mnaendelea. Anayepumua lakini hajitambui alazwe kwa ubavu.

Aliyekaa majini masaa mengi mtoeni akiwa amelala, mvueni nguo zilizolowa, mfunikeni. Bahari yetu ni vuguvugu lakini mwili unapoteza joto hata hivyo, hasa usiku na upepo. Na hata akisema yuko sawa apelekwe hospitali, King Fahd ama Faza kutegemea mlipo, manake mapafu yanaweza kuanza kumsumbua masaa kadhaa baadaye.

Kikosi kiwe na wanawake waliofunzwa mambo haya. Akina mama na mabinti ndo wengi kwenye boti za abiria, na mtu asisite kumbonyeza mama wa watu kifua eti kwa haya, roho ni kwanza, lakini kukiwa na mwanamke wa kumhudumia na shuka la kumsitiri kila mtu anafanya kazi bila kusita. Wala picha zisipigwe. Jamaa wasipate habari za mtu wao kwa WhatsApp kabla hawajaambiwa na mtu mzima aliyefika mlangoni.

Hatua ya 8: siku ambazo hakuna msiba

Kikosi kinachongoja msiba tu kinalala. Kazi ya kila siku iwe kuzuia. Laifu jaketi ivaliwe juu ya buibui na kufungwa kabisa, isiwe mto wa kukalia, na za watoto ziwe za saizi ya watoto. Maulidi, sikukuu za Idi na shule zikifungwa boti zinajazwa kupita kiasi, hapo watu wa kikosi wasimame jetini na daftari, wahesabu, na nahodha aliyezidisha ashushe. Msionee haya kumkatalia mtu. Pale kwenye mlango wa bahari kati ya Shela na Ras Kitau maji yakipwa huku kusi inavuma, mawimbi yanasimama wima na kukaribiana, ni bora kungoja maji yageuke kuliko kumfurahisha mgeni anayeharakia ndege.

Watoto wafundishwe kuelea kabla ya kuogelea: kulala chali, masikio ndani ya maji, kupumua polepole. Wasichana wafundishwe pia, na walimu wanawake, mahali na saa ambayo wazazi wataridhika, zungumzeni na walimu wa madrasa wawasaidie kupanga. Tarehe 25 Julai ni siku ya dunia ya kuzuia watu kuzama, itumieni kufanya zoezi kubwa la mwaka pamoja na walinzi wa pwani na Msalaba Mwekundu, kwa sababu hapo kusi iko kwenye nguvu zake na mtaona ukweli wa vyombo vyenu. Zoezi lianzie kwenye simu ya mpokea habari, si kwenye boti, manake huko ndo mambo mengi yanakwama.

Hatua ya 9: kufunga kazi

Watu wakipatikana, mpokea habari apige simu kwa kila aliyeitwa, Mombasa, walinzi wa pwani, polisi, hospitali, na kila boti iliyotoka, aseme kazi imekwisha na ahesabu boti zinavyorudi mpaka ya mwisho iguse jeti. Boti za waokoaji nazo zimo kwenye daftari na zina muda wake wa kuchelewa. Siku ya pili kaeni pamoja na maofisa, someni daftari kuanzia simu ya kwanza, nani aliambiwa saa ngapi, wapi palichelewa, rekebisheni kadi ya simu kama kuna kitu kilikosekana, chajini redio, kausheni kamba, na ule mtungi wa mafuta ujazwe siku hiyo hiyo.